Kunukuu na Kufuli

Neno kunukuu lina maana mbili zilizoshikana: kuyaandika upya maandishi ya mtu, na kuyataja maneno yake ili yapimwe. Hazikukutana kwa bahati. Tendi nyingi za kale zimehifadhika kwa sababu miswada iliazimwa, ikanukuliwa kwa mkono, kisha ikarudishwa kwa wenyewe. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinukuu tendi kadha wa kadha, na wanazuoni kama William Hichens na Ernst Dammann wakafaidi kazi ya kalamu yake. Lau waazimaji wangekatazwa kunukuu, uhakiki wa tendi hizo ungekosa cha kuhakiki.

Kitabu cha kielektroniki cha kuazima kimezitenga maana hizo. Mwanafunzi wa fasihi aliyeko Mafinga, kilomita zipatazo 80 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, aweza kupata kwa simu au kishikwambi kitabu asichoweza kukitumaini katika maduka ya mji wake. Neema hiyo haifai kudharauliwa. Lakini mara nyingi kitabu hicho huja na kufuli. Siku za kukisoma zimewekewa mpaka. Kunakili kumepimwa, au kumekatazwa kabisa. Muda ukiisha, kitabu hujifunga chenyewe. Kuazima, ambako kwa desturi ni amana baina ya watu wawili, kumekuwa shughuli isiyohitaji uaminifu wa yeyote.

Watetezi wa kufuli husema kwamba mwandishi ana haki ya jasho lake, na kwamba kitabu kisicho na ulinzi chaweza kuenea kwa maelfu bila yeye kupata senti. Hoja hiyo ni ya haki. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo huruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki, mradi chanzo kitajwe. Kufuli halijui ruhusa hiyo; humzuia mhakiki kama limzuiavyo mwizi.

Wala kukubali kufuli si dhamana. Vitabu vya Internet Archive ya Marekani viliazimishwa vikiwa na kufuli. Lakini kesi iliyoamuliwa mwaka 2023, na kuthibitishwa katika rufani mwaka 2024, ilisababisha zaidi ya 500,000 kati yake kuondolewa. Hasara iliwaangukia zaidi wasomaji walio mbali na maktaba kubwa.

Kwa sasa mwanafunzi wa Mafinga amebakiwa na njia ya Kijumwa: daftari na kalamu mbele ya kioo kinachong'aa. Njia hiyo yafaa, ila haitoshi. Maktaba za vyuo vya Iringa na Mbeya, zitiapo saini mikataba ya vitabu hivi, hazina budi kudai idhini ya kunukuu kabla ya kuuliza bei. Pasipo idhini hiyo, chuo huwa kimelipia kusoma, kikaacha uhakiki nje ya mlango.