OK Computer: Kuta za Mawe na Kanda Iliyopunguzwa Kasi

Wimbo wa "No Surprises" wa bendi ya Radiohead ulirekodiwa ukiwa na kasi zaidi kuliko tunavyousikia. Sababu ni ya kiufundi kabisa: muziki wa taratibu mno ni mgumu kuupiga kwa pamoja bila mapigo kulegea. Prodyuza Nigel Godrich akawaacha wapige kwa mwendo wanaoumudu, kisha akapunguza kasi ya rekodi, na Thom Yorke akaimba juu ya muziki uliokwisha kupunguzwa. Kanda ikizunguka polepole, mlio wa nyuzi hurefuka na kila pigo la ngoma huburuta mkia. Sauti ya Yorke haikupitia hayo, kwa hiyo mwimbaji yuko macho ndani ya muziki unaosinzia. Walijaribu tena na tena kuupata vizuri zaidi, wakarudi kwenye rekodi ya kwanza kabisa. Walifanya vyema.

Video yake, iliyoongozwa na Grant Gee, ilitumia mbinu hiyohiyo. Maji yalipojaa kwenye kofia angavu aliyovaa Yorke, muziki uliharakishwa ili abane pumzi kwa muda mfupi, kisha picha ikapunguzwa kasi.

Jina la albamu yenye wimbo huu, OK Computer ya 1997, huwafanya wengi wadhani ubaridi wake umetoka kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwepo: katika "Airbag", sekunde chache za mpiga ngoma Phil Selway zilikatwakatwa kwenye Macintosh, kwa kuvutiwa na kazi za DJ Shadow. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanyika St Catherine's Court, jumba la kale karibu na Bath, bendi ikipiga pamoja chumbani. Sikiliza "Exit Music (For a Film)". Yorke aliuimba kwenye ngazi za mawe za jumba hilo, na mwangwi unaosikika ni wa mawe yenyewe. Mwangwi wa mashine hulizunguka neno kwa usawa. Huu huenda, hurudi, hupanda na ngazi, nawe unausikia ukubwa wa mahali kabla ngoma hazijaingia. Kwangu, hapo ndipo Godrich alipoonyesha sikio lake: aliliacha jumba liimbe.

Mwisho wa "Karma Police" ni kisa kingine. Yorke hakuuridhia, basi yeye na Godrich wakaujenga upya kwa vipande vya sauti vinavyojirudia. Kelele inayoumeza wimbo ni ya mpiga gitaa Ed O'Brien: alisukuma mashine yake ya mwangwi hadi ikaanza kujilisha sauti yake yenyewe, kisha akaishusha kasi, mlio ukadidimia.

Kampuni ya rekodi ya Capitol huko Marekani ilipoisikia albamu, ilishusha makadirio ya mauzo kutoka nakala milioni 2 hadi nusu milioni. Uoga huo unaeleweka ukizingatia singo ya kwanza: "Paranoid Android", dakika 6 na sekunde 23, vipande tofauti vilivyounganishwa kwa kukata kanda, bila kiitikio cha kushikwa na redio. Ilitoka Mei 1997 ikafika nafasi ya 3 Uingereza, juu kuliko "Karma Police" na "No Surprises", nyimbo ambazo redio yoyote ingezichagua kwanza.