Karatasi ya "mambo imeisha"

Wandugu, kwa sababu nilisomea haki, watu hapa Kabongo wananileteaka karatasi. Ya shamba, ya mahari, ya deni. Safari hii mama mmoja ameniletea ya ajali. Motari alimgonga kijana wake karibu na soko, mguu ukavunjika mahali pawili. Familia mbili zikaketi chini ya mwembe, wakaandika. Ninaomba tuisome pamoja vile tulivyosomaka maandishi kule chuoni, maana kwa kweli karatasi kama hii ndiyo inayotawala njia zetu kuliko sheria ya Kinshasa.

Ina mistari sita. Jamaa ya motari imelipa lupitalo siku nane, imetoa mbuzi mmoja, na "mambo imeisha, hakuna mutu atarudilia tena". Chini, sahihi tatu na alama moja ya kidole.

Siicheki. Hakuna tribinali itakayomfikishia mtu mbuzi ndani ya juma moja. Motari hakukimbia, hakupigwa na watu, na familia hizo bado zinasalimiana sokoni. Hiyo si kazi ndogo.

Lakini tazama yale ambayo haisemi. Haitaji mwenye pikipiki, inamtaja motari tu. Haitaji namba. Neno asiransi halimo. Na kijana mwenyewe yumo mara moja tu, kwa mguu wake. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba anasukuma mihogo kwa kinga, kwamba miezi mingi hatasukuma kitu, kwamba mguu unaweza kuunga vibaya ukahitaji kupasuliwa. Siku ya tisa haikuandikwa kabisa.

Sasa weka sheria pembeni yake. Kifungu cha 258 cha kanuni yetu ya raia, kitabu cha tatu, kinasema aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Kinachofuata kinaongeza uzembe. Cha 260 kinasema mtu anajibu pia kwa ajili ya wale wanaomtumikia na kwa vitu anavyovitunza. Hasara si dawa tu: ni kazi iliyopotea, ni maumivu pia. Na kuumiza mtu kwa uzembe ni kosa la jinai. Parke haifungwi mikono na mbuzi. Ila upande wa malipo, sahihi ile inaweza kumrudia kijana siku atakapodai.

Wengine mtaniambia: sheria yenyewe ni ya zamani. Ni kweli, na hapo ndipo lawama yangu inapogeukia upande wa pili. Maneno hayo ni ya dekreti ya 30 Julai 1888, wakati wa Leopold II, kabla gari lolote halijakanyaga udongo huu. Yanamtaka mwenye kuumia aonyeshe kosa. Mama wa mihogo aonyeshe kosa kwa namna gani, na ushahidi umeondoka na vumbi?

Wafaransa walikuwa na maneno karibu yaleyale. Mwaka 1925, kule Belfort, kamiyo ilimgonga msichana, Lise Jand'heur. Tarehe 13 Februari 1930 korti yao kubwa ikaamua kwamba mwenye kutunza kitu kilicholeta hasara anahesabiwa kuwa na jukumu, hata bila kuonyeshwa kosa lake. Wabelgiji waliusoma mstari uleule kwa ukali zaidi: lazima uonyeshe kwamba kitu chenyewe kilikuwa na kasoro. Lakini hata wao, mwaka 1994, waliweka sheria kwamba mwenda kwa miguu na mwenye kinga wakiumizwa na gari, asiransi ya gari inalipa mwili wao bila kuanza na swali la nani alikosa. Waliotuachia kanuni walibadilisha yao; sisi tumeitunza kama picha ya babu.

(Zile video za maavoka wa Marekani mnazotumiana, tafadhali. Kule kila jimbo lina yake: Alabama ukiwa na kosa hata kidogo unaweza kukosa vyote, Michigan asiransi yako mwenyewe ndiyo inalipa matibabu kwanza. Kwetu mkoa hauandiki sheria hii. Ya Kinshasa ndiyo ya Kabongo.)

Na asiransi je? Tangu tarehe 5 Januari 1973 ni lazima kwa chombo chochote chenye motere, pikipiki nayo. Kwa miaka mingi SONAS peke yake ndiyo iliuza. Kanuni ya asiransi ya 2015 ikafungua soko, na 2019 kampuni za watu binafsi zikaanza kupata ruhusa. Lakini muulize motari asiransi ni nini. Atakujibu: "ni karatasi ya kuonyesha ku bariere." Hapo njo tumepotea. Ile karatasi inanunuliwa kwa ajili ya mtu atakayegongwa, ni kijana wa mihogo njo mwenye kuidai, na tumeiacha iwe mali ya polisi wa bariere.

Tena tusijifiche. Chini ya mwembe ule palikuwa na wahitimu wawili, mmoja njo aliandika. Angeweza kuongeza mistari mitatu: namba ya pikipiki, jina la mwenyewe na la asiransi yake, na kwamba mbuzi na lupitalo ni msaada wa kwanza, haki ya yanayobaki haijauzwa. Jamaa ya motari haingekasirika. Ingefurahi kusikia kwamba si wao peke yao wa kulipa.

Nilimuuliza mama: motari ana asiransi? Hakujua, hakuna aliyeuliza. Nikamtafuta motari. Akasema pikipiki si yake, yeye analeta hesabu kila jioni, karatasi zote ziko kwa mwenyewe. Huyo mwenyewe hakuketi chini ya mwembe, hakuna aliyemwita. Jumamosi tunaenda kwake, mimi, mama, na ule mwandishi wetu wa mistari sita.