Butiama na Onalua: nyumba ya kuzaliwa inatunza nini?

Goma hakuna asiyejua jina la Nyerere, lakini ukiuliza Butiama, wengi watanyamaza. Ni kijiji cha mkoa wa Mara, kule Tanzania inapakana na Kenya, mashariki ya ziwa Victoria. Pale, penye kuitwa Mwitongo, Nyerere alizaliwa mwaka 1922, na pale alizikwa mwaka 1999, karibu na wazazi wake. Mwaka uleule ndio makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa kijijini.

Tunasifu kazi hiyo. Lakini zawadi za marais, vitabu na viti vya mkubwa, mambo kama yale yanaweza kuwekwa hata Dar es Salaam, na hayatapoteza kitu. Kinachopaswa kutupeleka hadi Butiama ni kingine. Baba yake, Burito, alikuwa mwami wa Wazanaki, aliyewekwa na Wadachi mwaka 1915, wakati wa vita, kisha Waingereza wakaja wakamkuta. Mama yake, Mugaya, alikuwa bibi wa tano kati ya mabibi 22. Mtoto aliitwa kwanza Mugendi, maana yake mtembeaji. Halafu mganga akashauri jina libadilishwe, njo akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo, mwaka 1943, mtu akiwa mzima tayari. Mtu akisikia hayo palepale, kwenye udongo wenyewe, ataelewa Ujamaa ulianzia katika mji wa namna gani.

Sasa turudi kwetu Kongo. Lumumba alizaliwa Onalua, Sankuru, tarehe 2 Julai 1925. Leta ilianza na jina: mwaka 2013 eneo lile lilipewa cheo cha mji, likaitwa Lumumbaville. Juni 2022 jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa na Wabeleji, likapitishwa Onalua, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30. Watu walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini jina kubwa juu ya kijiji si utunzaji, na sanduku lenye kupita si utunzaji pia. Huyu mtoto alipozaliwa aliitwa Élias Okit'Asombo. Waalimu wangapi wa historia wanaweza kuandika jina hilo ubaoni bila kuangalia kitabu? Butiama, pamoja na makosa yake, Kambarage hajafichwa na Rais. Onalua, Lumumba wa Lumumbaville amemfunika Okit'Asombo.

Wengine watasema: nyumba ya zamani imeshaanguka, tutatunza nini? Jibu hilo halitutoshi sisi wa Munigi. Tarehe 17 Januari 2002 (ni tarehe ileile Lumumba aliuawa, mwaka 1961) ardhi ilipasuka hapa kwetu, moto ukateremka hadi katikati ya Goma. Nyumba ziliisha. Hata hivyo mzee wa Bukumu anaweza kusimama juu ya mawe meusi akakuonyesha: hapa palikuwa kwa fulani, pale palikuwa mti wa kuamulia kesi. Ukuta hakuna, lakini mahali pangali na mwenyewe.

Basi kwa Onalua, kabla ya sanamu ingine, tungeomba daftari na mtu wa kuketi na wazee wa Kitetela: nani alimpa mtoto jina lile, juu ya nini, na mama yake alikuwa analima upande gani.