Neno Takrima na Sheria ya Uchaguzi

Takrima ni neno la ukoo mmoja na karimu na karama. Ni heshima ambayo mwenyeji humfanyia mgeni pasipo kutaka malipo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ukarimu wa kimila wa mgombea usihesabiwe rushwa, nao watu wakauita takrima. Hapo maana ilipinduka: mgombea ndiye mgeni ajaye kuomba, naye ndiye akirimuye! Chakula kidaicho kura ni bei, wala si ukarimu. Na aliyekopa ili akirimu atawakumbuka wadai wake kabla ya wapiga kura. Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Ilitenda haki, kwa maskini mwenye kugombea na kwa neno lenyewe.