Hamsta anayenyonyoka manyoya: kazi inaanzia wapi

Hamsta wa Syria aliyekomaa ana uzito wa gramu 100 hadi 150 hivi, na huishi miaka miwili, akibahatika mitatu. Manyoya yake yakianza kunyonyoka, mfugaji mwenye huruma huona hana muda wa kupoteza, akakimbilia dawa ya utitiri. Ni kosa linaloua wanyama ambao hawakuwa na ugonjwa wa kuua. Hapa nachambua jinsi daktari wa mifugo anayewajua viumbe hawa anavyoifanya kazi ya kutafuta chanzo, kwa sababu utaratibu wake una uzito kuliko jina la dawa yoyote.

Swali lake la kwanza ni kama kuna ugonjwa kabisa. Hamsta wa Syria ana tezi mbili za harufu, moja kila upande wa nyonga. Kwa dume huonekana kama madoa meusi, na manyoya yaliyo juu yake hulowa na kugandamana kwa mafuta. Wengi huyaona mara ya kwanza wakadhani ni uvimbe au upele, wakayaminya mpaka yakawa kidonda kweli. Madoa yakiwa mawili, yanalingana, na mnyama hajikuni, aachwe kama alivyo. Hamsta wadogo wa jamii nyingine wana tezi moja tu, katikati ya tumbo, nayo huweza kufanya kigaga cha rangi ya manjano.

Baada ya hapo daktari husoma mahali penyewe. Pua iliyochubuka kwa juu humpeleka kwenye nondo za kizimba, maana hamsta huzitafuna usiku kucha akikosa nafasi ya kutembea. Wekundu wa tumboni na miguuni, pamoja na kupiga chafya, humfanya aulizie malalo. Maranda ya mwerezi na msonobari yana mafuta yenye harufu kali yanayowasha ngozi na njia ya hewa. Tiba yake ni kuyatupa na kuweka karatasi laini isiyo na wino wala manukato, bila hata tone la dawa. Vigaga masikioni, puani na sehemu za siri, kwa mnyama asiyeacha kujikuna, huashiria utitiri wa Notoedres. Mbavu za pande zote mbili zikiwa na kipara kinacholingana, ngozi imekuwa nyembamba na mnyama anakunywa maji kupita kiasi, shaka huhamia kwenye tezi zilizo juu ya figo.

Lakini anayeletwa sana ni hamsta mzee mwenye mba na kipara mgongoni na kiunoni, asiyejikuna sana. Hapo ndipo hadubini inapofanya kazi. Daktari huikunja ngozi kidogo na kuiminya, ili utitiri uliojificha kwenye mashina ya manyoya usogee juu. Kisha huchukua kisu butu chenye tone la parafini ya maji na kukwangua taratibu mpaka ngozi iwe nyekundu. Kukwangua juujuu hakutoshi, kwa kuwa wadudu wenyewe ni wa aina mbili: Demodex aurati, mrefu kama sigara, hukaa ndani ya shina la unywele, na Demodex criceti, mfupi na mnene, hukaa kwenye vishimo vya ngozi ya juu.

Kuona mdudu mmoja hakumalizi kesi. Hata hamsta wazima huwa na utitiri huu, huupata kwa mama wakati wa kunyonya. Ukionekana mwingi, pamoja na mayai na wachanga wake, maana yake kinga ya mwili imeshuka, na daktari makini hutafuta kilichoishusha: uzee, ugonjwa wa figo, uvimbe, lishe duni. Akiua utitiri na kuacha chanzo, kipara hurudi.

Sasa dawa. Ivermectin ya asilimia 1, ile ya ng'ombe na mbuzi inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, ina miligramu 10 katika kila mililita, na mililita moja ni kipimo cha kilo 50 za ng'ombe. Kwa kiwango hichohicho, hamsta wa gramu 120 anahitaji mililita 0.0024. Bomba dogo la sindano la mililita moja lina alama za 0.01, kwa hiyo alama ya kwanza tu ni mara nne ya kipimo. Tone moja, ambalo ni kama mililita 0.05, ni mara ishirini. Ndiyo sababu daktari humpima hamsta kwenye mizani ya gramu siku hiyohiyo, na kuizimua dawa kabla ya kuigusa sindano. Asiye na mizani hiyo asimtibu.

Viuavijasumu vina hatari yake. Penisilini, amoksilini na klindamaisini huua bakteria wema wa utumbo wa hamsta, na bakteria hatari aitwaye Clostridium difficile akashika nafasi. Mnyama huharisha na kufa katika siku chache. Jambo hili ni la uhakika kiasi kwamba mwaka 1977 daktari John Bartlett na wenzake huko Marekani walitumia hamsta kuonyesha jinsi bakteria huyo anavyosababisha ugonjwa wa utumbo baada ya viuavijasumu. Marhamu ya kupaka nayo haiwi salama eti kwa kuwa ni ya nje: hamsta hujilamba, na kilicho kwenye ngozi huishia tumboni.

Kumwogesha kwa sabuni pia kuachwe. Mnyama huyu ni wa nyanda kavu za Aleppo, Syria, ambako mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alipata mama na watoto wake mwaka 1930. Maji humwondolea mafuta ya ngozi na kumpa baridi kali. Na kipara cha mviringo chenye magamba kishikwe kwa glovu, watoto wakae mbali, kwani huenda ni choa, nacho huambukiza binadamu.

Ukienda kwa daktari, chukua konzi ya malalo anayolalia hamsta wako, chakula anachokula, na jina la kila dawa uliyokwisha kumpaka. Kama bado hujampaka yoyote, usimpake.