Khaufu na Rajaa katika Al-Inkishafi

Utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir husifiwa sana kwa beti zake za magofu ya Pate, lakini wasomaji huupitia upesi mwisho wake, ambapo mshairi aingia habari za Kiyama na kuitaja mioto ya akhera jina kwa jina. Ni rahisi kudhani kwamba khofu imezidi hata rehema ya Mungu ikasahauliwa. Dhana hiyo yataka kupimwa, maana ikiwa ya kweli, kasoro hiyo si ya sanaa peke yake bali ni ya imani pia. Katika Uislamu, kukata tamaa na rehema ya Mola ni dhambi kubwa.

Mizani ya kupimia tunayo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kwa ajili ya khaufu na rajaa. Kuuliza ipi bora kati ya hizo mbili, kwa maoni yake, ni sawa na kuuliza kama mkate ni bora kuliko maji: mwenye njaa hufaliwa na mkate, na mwenye kiu hufaliwa na maji. Aliyeghurika na dunia dawa yake ni khofu. Aliyekata tamaa, au aliyekaribia kufa, dawa yake ni matumaini. Basi lililo juu ya mhakiki ni kuuliza kwanza ni nani anayesemeshwa.

Katika Al-Inkishafi anayesemeshwa ni moyo wa mshairi mwenyewe, nao ni moyo ulioghurika. Ndiyo sababu Pate yaletwa mbele yake. Majumba yaliyokuwa yakimeta kwa taa sasa yamejaa popo na tando za buibui, na vidaka vilivyopangwa vyombo vya Kichina vimekuwa viota vya ndege. Anayezisoma beti hizi kama tarikh ya mji tu aiacha hoja yake. Mabwana wale hawakukosa matumaini. Walitumaini mno, ila waliyaweka matumaini yao katika kuta. William Hichens, katika chapa yake ya mwaka 1939, aliupa utungo jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa roho. Lakini inkishafi ni kufunuka. Moyo huu haukulala. Uko macho, nao watazama pazia.

Hapa lugha yenyewe yatusaidia. Neno tamaa siku hizi twalitumia zaidi kwa uroho, lakini katika kukata tamaa limebaki na maana ya matumaini. Si ajabu: katika Sura ya As-Sajda, aya ya 16, ni neno hilo hilo la Kiarabu lililowekwa sambamba na khaufu, kwa kueleza namna waumini wamwombavyo Mola wao. Neno moja, basi, labeba matumaini na uroho, na tofauti yake ni kazi. Al-Ghazali atoa mfano wa mkulima: apandaye mbegu njema katika ardhi njema, akaitunza, ana rajaa, apandaye katika ardhi ya chumvi kisha akangoja mavuno ameghurika. Sayyid Abdallah auzuia moyo wake usingoje mavuno ya chumvi. Na rehema hakuisahau: ubeti wa kwanza wayataja majina yote mawili ya rehema yaliyomo katika Bismillahi, kabla ya tishio lolote. Tena, aliyekata tamaa haukaripii moyo wake, huuacha.

Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wake wa mwaka 1858, alikuwa mgonjwa akimwachia binti yake wasia, naye amalizia kwa dua ndefu ya kujiombea yeye na watoto wake. Haitupasi kusema kwamba imani yake ilikuwa pana kuliko ya Sayyid Abdallah. Yeye alikuwa na kiu, na mwenzake njaa.

Kasoro ya Al-Inkishafi ipo, lakini ni ya utunzi. Mioto ya mwisho yapangwa mmoja baada ya mwingine kama orodha ya mwanachuoni, na msomaji aliyekwisha kuyajua majina hayo chuoni hashtuki. Popo wa Pate wamtisha zaidi, kwa kuwa amewaona.