Pongezi kwa Waashi wa Tongoni

Karne ya 15, wakati Brunelleschi na wenzake wakisimamisha makanisa yanayosifika hadi leo huko Italia, waashi wa Mwambao nao hawakukaa bure. Nenda Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa Tanga mjini, ujionee gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo.

Walikuwa mafundi hasa. Tumbawe la baharini walilichonga likiwa bichi na laini, kisha wakaliacha lipigwe na upepo hadi likawa gumu. Mengine waliyachoma kwa kuni kupata chokaa. Sogelea nguzo uone vishimo vya mviringo: humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Bakuli zenyewe hazipo tena.

Wapo wanaoijua pwani hii kwa sababu ya Vasco da Gama tu, ambaye meli yake São Rafael ilikwama kwenye miamba ya Mtangata mwaka 1498, akaichoma moto mwaka uliofuata. Haya, lakini mimi nawapa heko waliojenga.

Ukifika, tafadhali usiegemee nguzo. Nyingi zimeshaanguka.